Masika ya Kitabu cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na baba mkwe naye ameanza kitabu chake cha nne. Tumepatikana.

Niweke mambo sawa kwanza, maana nikichoka nasahau. Nyumba ni yake. Sisi tunakaa vyumba viwili vya nyuma: mimi, mume wangu, na mtoto tunayemwita Bosi kwa sababu hafanyi kazi yoyote na wote tunamkimbilia. Baba mkwe amewaandika marais tangu ujana wake. Amewafuata viwanjani, mahakamani na mazikoni. Vitabu vitatu, kila rais na chake, vimesimama sebuleni kwenye rafu yao peke yao kama wageni wa heshima, na nyuma ya kila kimoja kuna picha yake amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga. Sasa tuna rais wa nne, lakini macho ya mzee yameingia ukungu. Haoni herufi. Kwa hiyo yeye anasema, mimi napiga chapa. Kabla ya kujifungua nilikuwa napiga chapa kwenye ofisi ya wakili. Mkono wangu mwepesi.

Tabu ni mume wangu. Tangu mwaka jana anafanya kazi Ikulu, idara ya habari. Anaandika taarifa za kukanusha. Baba yake hamwiti tena "mwanangu", anamwita Mkanushaji. Hawasemezani ila kupitia kwangu. "Mwambie Mkanushaji afunge geti." "Mwambie Baba geti limefungwa." Mimi ndiyo waya. Na siku hao wawili wakivaana kweli kweli, watakaotolewa nje na mvua hii ni mimi na Bosi. Hilo nalijua, ndiyo maana namezea mengi.

Jumatano, 5 Machi

Bosi ameota jino la kwanza. Nimetangaza mezani. Baba mkwe: "Haya." Mume wangu: "Nisogezee chumvi."

Ijumaa, 7 Machi

Mzee akisema imla husema mpaka alama. "Rais alishuka garini mkato akatazama viatu vyake nukta." Ukikosea kituo kimoja anakusikia, sijui anajuaje, labda vidole vyangu vina lafudhi. Leo aliniuliza, "Wewe umesoma wapi?"

"Kulekule alikosoma mwanao, Baba. Ila mimi niliishia njiani."

"Bora ulipoishia. Yeye alifika, ona alipofika."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Simpi raha hiyo.

Lakini lazima niseme haki. Anapoanza kumsimulia rais wa kwanza, unasahau kwamba mgongo unakuuma. Wenzake wote wa gazetini walikuwa wananukuu hotuba, yeye alikuwa anatazama viatu. Rais akiwa na wasiwasi alikuwa anasugua kiatu cha kushoto nyuma ya mguu wa suruali, na baraza la mawaziri likavunjwa wiki ambayo suruali ilikuwa na doa la rangi ya viatu. Mzee peke yake ndiye aliyeandika "kuna jambo linakuja." Wenzake wakamcheka. Jambo likaja.

Jumanne, 11 Machi

Nepi hazikauki. Nimezianika sebuleni. Baba mkwe alipapasa rafu akitafuta kitabu chake, akashika nepi. Mtaa mzima ulimsikia.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tumefika kitabu cha pili, kile kilichompa jina. Rais wa pili alimweka ndani miezi, bila kesi. Alipotoka akaandika, na katika kitabu hicho kuna habari ambayo hata sisi tuliisikia tukiwa watoto: kwamba mama mzazi wa rais alisimama kando ya barabara chini ya mwavuli akimpungia mwanawe, na msafara ukapita, gari halikusimama, likamrushia maji. Baada ya hapo watu walimwita yule rais Mpita-Mama. Kila alipopanda jukwaani walimwonyesha miavuli. Alianguka kwenye uchaguzi, na akafa huku bado anaitwa hivyo.

Mzee anaisimulia vizuri mno. Nilijikuta nimembana Bosi kifuani mpaka akalalamika.

Nilimwambia mume wangu jioni, "Baba yako anajua kazi."

Akasema, "Anajua kuua. Ni kazi, ndiyo."

Jumapili, 16 Machi

Nimelala. Alhamdulillahi.

Jumanne, 25 Machi

Mume wangu ameniletea kanga mpya, na sauti ya asali. Najua asali ya mtu huyu. Huja na nyuki.

"Mke wangu, hivi mmefika wapi?"

"Rais wa tatu. Yule aliyekuwa anamwalika Baba chakula."

"Na wa nne?"

"Bado."

"Mkifika, nipe nisome. Nisome tu. Ni baba yangu yule, nina haki ya kujua anasema nini juu ya ofisi ninayokula."

"Nenda kamwombe mwenyewe. Chumba kile pale, mlango hauna meno."

"Unajua hatanipa."

"Basi na mimi sikupi. Niliahidi kupiga chapa, sikuahidi kubeba."

Akasema kitu kilichoniuma: "Wewe uko upande wa nani?" Nikamwonyesha Bosi aliyekuwa anatafuna mkanda wa kiatu. Sina upande mwingine.

Kanga sijaivaa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua, homa ya Bosi, imla. Nimepiga chapa kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. Baba mkwe alisikia kasi imepungua. "Umechoka?" Nikadhani ananionea huruma. "Ukichoka sema, nitafute mtu." Sikusema.

Jumanne, 8 Aprili

Rais wa nne.

Asubuhi mzee aliingia chumba cha kazi akakaa kwenye kiti changu badala ya chake, akakalia mto wa Bosi, ule wa sponji wa manjano ninaomkalishia chini ili asigonge kichwa sakafuni. Ulikuwa umelowa. Aliruka kama aliyekalia mwiba. Alinitukana mimi, akamtukana mtoto, akaitukana mvua. Nikampeleka Bosi nje, nikarudi, nikakaa. Tukaanza.

Sura ni nzuri, na ni kali. Namna rais huyu anavyowachekea watu kwa meno bila macho. Namna mawaziri wanavyosubiri akae ndipo wakae, hata kwenye simu. Halafu akafika kwenye hotuba za runinga.

"Rais mkato ambaye ni mfupi kuliko picha zake mkato hukalia mto wa manjano kila anapolihutubia taifa nukta. Mto huo hubebwa na mlinzi mmoja asiye na kazi nyingine nukta."

Nikaacha kupiga. "Rais naye ana mto wa manjano? Kama wa Bosi?"

"Andika."

"Nani kauona, Baba?"

"Nimekuambia andika. Nilikuwa nawaandika marais wewe hujazaliwa."

Nikaandika. Alinitaka nimsomee aya ile tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nimwache apumzike.

Jumatano, 9 Aprili

Nilikuwa namwogesha Bosi, nikakumbuka taulo liko chumba cha kazi. Nikaingia na mtoto anachuruzika maji. Mume wangu yuko mbele ya kompyuta, simu mkononi.

"Unafanya nini?"

"Natafuta chaja."

Chaja ilikuwa imechomekwa mfukoni mwake, waya unaning'inia. Nilimtazama, akanitazama, maji ya Bosi yanatiririka sakafuni. Kama ningesema, mzee angesikia, na mzee akisikia ndiyo yale niliyoyaogopa tangu mwanzo. Nikachukua taulo nikatoka.

Nilikuwa waya, sasa nimekuwa ukuta pia.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna. Maji yameingia jikoni, nimeyatoa.

Ijumaa, 18 Aprili

Dada amepiga simu. Ana duka lake la dawa na chumba kimoja cha ziada chenye maboksi. "Hao wanaume wawili na marais wao, wewe wanakupa nini?"

"Paa."

"Paa hata kwangu lipo. Linavuja, lakini halitukani mtu."

Nikacheka mpaka Bosi akacheka. Lakini mtu haachi ndoa kwa sababu ya mkwe, nilimwambia. Dada akasema, "Sawa, mama. Maboksi nitayahamisha hata hivyo."

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote, na kama Bosi ataamka ataamka.

Nilikuwa nakoroga uji wa mtoto, redio imewashwa. Taarifa ya habari. Mara msomaji akasema kuna taarifa kutoka Ikulu, na kwa sauti yake ilionekana hata yeye haelewi anachosoma. Naikumbuka karibu neno kwa neno: "Ofisi ya Rais inapenda kuuarifu umma kwamba Mheshimiwa Rais hatumii, hajawahi kutumia, wala hana mpango wa kutumia mto wa rangi yoyote anapolihutubia taifa. Wanaoeneza uvumi huo waache mara moja."

Mwiko ulinidondoka. Uvumi gani? Hakuna aliyeeneza! Duniani kote ile habari ya mto ilikuwa imeandikwa mahali pamoja, kwenye kompyuta iliyoko chumba cha pili kutoka jikoni, na imeandikwa na mimi.

Halafu nikamsikia mzee. Alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia anacheka tangu niolewe. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikampelekea maji.

"Nimemnasa," akasema. "Mwite Mkanushaji. Leo namtaka mwenyewe, bila waya."

Mume wangu alikuja saa hiyohiyo kutoka kazini, uso umesawijika, suruali imelowa hadi magotini. Mkubwa wake alikuwa amemwamini: mtoto wa mwandishi mwenyewe anasema kitabu kina mto, basi tukanushe kabla hakijatoka, tuwawahi. Sasa waandishi wote wanapiga simu Ikulu kuuliza, "Samahani, mto upi?"

Mzee alikuwa amekaa wima kama hakimu. "Kaa. Ule mto niliutunga. Nilikuwa nahisi kurasa zinatoka humu ndani, nikaweka kitu ambacho hakipo ili nione kitatokea wapi. Tulikuwa tunafanya hivyo gazetini tukiwa na mtu anayevujisha. Kila mtu unampa uongo wake, unasubiri upi utarudi. Umerudi ukiwa na muhuri wa Ikulu!"

"Baba, utanifukuzisha kazi."

"Uliiba kwangu."

"Na mimi je?" nikasema. Wote wawili wakageuka kama vile kiti kimesema. "Hukujua ni nani, Baba. Kwa hiyo ulinitega na mimi. Ulinipa uongo nikaupiga chapa huku nimembeba mjukuu wako, ukakaa unangoja uone kama mimi ni mwizi."

"Nilikuwa sina hakika."

"Ningekuwa mimi, ungenifanya nini?"

Mvua ilikuwa inajibu kwenye mabati.

Ndipo swali likanitoka, silo nililokuwa nimelipanga. "Yule mama wa rais wa pili. Alikuwepo barabarani?"

"Mama alikuwepo."

"Na mwavuli?"

"Mwavuli niliuweka mimi. Msomaji anahitaji kitu cha kutazama."

"Gari lilisimama, Baba?"

Akageuza uso dirishani, ambako haoni kitu. "Mtoto analia," akasema.

Bosi hakuwa analia.

Ijumaa, 25 Aprili

Mji mzima ni mto. Muuza duka ameniuliza kama nataka mkate wa kawaida au wa kukalia. Magazeti yote yamechora rais na mto. Kuna mtu anauza mito ya manjano kituo cha basi, na watu wananunua, wanapanda wanaikalia, wanacheka. Hakuna hata mmoja anayeuliza kama ni kweli. Ikulu imekana, basi kitu kipo.

Rais yule simpendi hata kidogo, lakini leo nilimwonea huruma.

Jumatatu, 28 Aprili

Amefukuzwa. Alirudi na boksi lenye kikombe na kalenda. Nilimpikia, nikakaa naye, nikamshika mkono. Ni mume wangu. Akala, akafuta mdomo, akasema, "Ungenipa sura nzima nikae nayo kwa utulivu ningejua kipi cha kweli. Lakini wewe na msimamo wako."

Nikaurudisha mkono wangu.

Ijumaa, 2 Mei

Leo mzee ameanza, "Mto huo wa manjano mkato ambao Ikulu yenyewe ililazimika kuukana mkato..." Nikaondoa vidole.

"Mbona husogei?"

"Hilo siandiki, Baba. Ulisema ulilitunga."

"Lilikuwa la kutunga. Sasa ni tukio. Ikulu imetoa taarifa. Taarifa ipo, ina tarehe."

"Basi andika kwamba ulitunga mto ili umnase mwanao, na Ikulu ikajikwaa. Hiyo nayo ni kweli, na inachekesha zaidi."

"Na mimi nitaonekana nani?"

"Mtu aliyetunga mto."

Alinifukuza chumbani. Kabla sijafika mlangoni mume wangu akaingia. Alikuwa amesimama koridoni anasikiliza. "Mama Bosi, andika tu. Watu wanautaka mto. Kitabu kisipokuwa na mto nani atakinunua? Kazi sina. Fikiria mtoto."

"Nimemfikiria."

"Mto ni kitu gani? Hauui mtu."

"Wewe ndiye uliyeniambia baba yako anajua kuua," nikasema. "Umesahau upesi."

Jumatano, 7 Mei

Mume wangu anapiga chapa kwa vidole viwili. Baba yake anamsubiri, hamkemei. Nimepita na ndoo nikawasikia wanacheka. Mzee alisema, "Hapana, mwanangu, weka mkato hapo." Mwanangu. Masika yote nilikuwa nawaombea wapatane. Nikasimama pale na ndoo yangu, na sikufurahi hata chembe. Wamepatanishwa na uongo ambao mmoja aliutunga na mwingine akaukanusha, na sasa wanaulea pamoja.

Nilidhani mzee ndiye mbaya na mume wangu amebanwa katikati. Hapana. Mzee angalau alikuwa na kipaji, akakiharibu mwenyewe. Huyu wangu anakaa popote palipo na kiti.

Ijumaa, 9 Mei

Mhariri wa kitabu amekuja leo kuchukua mswada. Mwanamke wa makamo, mwavuli umepinduka, viatu kavibeba mkononi. Alimwamkia mzee kwa heshima, akakaa sebuleni chini ya vile vitabu vitatu, akasoma palepale. Alicheka mahali pa kucheka. Nilikuwa namlisha Bosi pembeni.

Akafika kwenye mto. "Mzee, hapa wanasheria wetu watauliza. Huu mto nani aliuona kwa macho?"

Mzee akapapasa mkono wa kiti chake. Nilitumaini, kweli nilitumaini, kwamba atasema. Miaka yote ile ya kutazama viatu vya watu, angeweza kusema neno moja.

Mume wangu akasema, "Mimi. Nilikuwa Ikulu. Niliuona mara nyingi."

Alisema bila kupepesa. Mzee akainamisha kichwa, na nikaona midomo yake inatabasamu. Alikuwa anajivunia mwanawe.

Mhariri akachukua kalamu. "Utaweka sahihi kwamba uliuona?"

"Leo hii."

Nilijua ninachokipoteza. Nilikuwa nimekihesabu kila siku tangu mvua ya kwanza: paa, vyumba viwili, kitanda cha mtoto kilichofungwa kwa kamba. Nikaweka kijiko chini.

"Dada yangu mhariri, usichukue sahihi yake," nikasema. "Huo mto niliupiga chapa mimi, siku ulipotungwa. Baba aliutunga ili ajue nani anatoa kurasa humu ndani. Mume wangu aliujulia humu humu, kwenye kompyuta. Ikulu hakuna mto. Mto ni wa huyu mtoto, kaukojolea."

Mhariri alimtazama mzee. "Mzee?"

Mzee hakukana. Haki yake nampa. Mtu aliyemwita mwanawe Mkanushaji hakuweza kukana. Alisema tu, "Huyu mwanamke hana shukrani."

Mhariri akazitenga kurasa zile kando. Halafu akasimama, akavuta kitabu cha pili kutoka rafuni, akakitia mkobani pamoja na mswada. "Hiki nacho nitakisoma upya," akasema, na akatoka na viatu vyake mkononi.

Jumamosi, 10 Mei

Hakuna aliyenifukuza. Jana mume wangu aligeukia ukutani, na mzee alijifungia. Asubuhi kila mmoja alinisubiri niombe msamaha. Nilisikia kabisa kusubiri kwao, nyumba ilikuwa imejaa.

Nikafunga nguo za Bosi, nepi mbichi na kavu pamoja. Nikampigia Dada. Akasema, "Njoo, maboksi yako koridoni."

Mume wangu alisimama mlangoni mwa chumba. "Kwa hiyo unaniacha kwa ajili ya mto?"

"Kalale," nikamwambia. "Umechoka kukana."

Mzee alikuwa ametoka, amesimama sebuleni kwa kupapasa, mkono mmoja kwenye rafu, pale penye pengo la kitabu cha pili. Mvua ilikuwa inapiga mlango.

"Unakwenda wapi na mtoto kwenye mvua hii?"

"Kwa Dada."

"Na kitabu? Bado sura mbili. Nani atanimalizia?"

Nikamfunga Bosi mgongoni, nikakaza kanga.

"Kitabu kina wazazi wawili, Baba," nikasema. "Huyu ana mmoja."